Nakala Ishirini za Bucha la Giza

Jumatano, 1 Oktoba 2014

Leo nimepiga simu São Paulo bila ruhusa. Kwa simu ya duka! Nikakosea namba, nikampata fundi wa majokofu. Alinisikiliza kwa upole sana. Nikakata.

Mara ya pili nikampata Bwana Tarcísio, wakala anayetuletea gemu za Lumi, ile mashine ya kuchezea. Nikajitambulisha: Adenilson, karani wa kaunta ya gemu, Belém. Akauliza kama huku kwetu umeme unatosha kuchezea gemu. Nikamjibu kwamba unatosha, asante. Kwa nini nilimshukuru?

Nikamuuliza kwa heshima kwa nini Lumi inaletewa gemu za watoto tu. Akasema Lumi inakufa. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetangaza mvua. Watu wazima wamehamia mashine nyingine. Waliobaki ni bibi na wajukuu, na bibi hununua Bata Pipo, gemu ya kitoto ya bata, basi yeye analeta Bata Pipo. Nikauliza: je, watu wakiinunua Bucha la Giza, ile gemu ya kutisha? Akacheka. Akasema duka letu likiuza nakala ishirini kabla ya Sikukuu ya Watoto, tarehe 12, ataleta sehemu ya pili, na gemu nyingine za wakubwa juu yake. Nikauliza kama hiyo ni ahadi. Akasema ana simu nyingine.

Ni ahadi.

Tangu Juni tumeuza nakala moja. Niliinunua mimi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mjadala mkali kwenye jukwaa la mashabiki wa Lumi mtandaoni. Kule naitwa Mchinjaji wa Pará, kwa jina la jimbo letu. Nimeandika aya sita, zenye mpangilio mzuri, kwamba kila anayenunua Bucha la Giza anawaambia wenye kampuni: tupo, tumekomaa, tuleteeni vya kwetu. Tusiponunua watatuzika na mabata.

Jamaa mmoja wa Manaus akanijibu mistari miwili tu. Kwamba ukinunua gemu mbovu kwa huruma, hawajui kuwa ni huruma. Wanajua unapenda ubovu, na kesho watakuletea ubovu zaidi. Halafu akaongeza: "Na wewe Mchinjaji, umeimaliza lakini?" Watu wengi wakampigia makofi.

Nikajibu kwamba nimeimaliza mara mbili.

Ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu: sijavuka mlango wa kwanza. Kuna ndoano inaning'inia kutoka darini. Inazunguka polepole. Hakuna upepo, lakini inazunguka. Nilizima mashine, nikawasha taa ya chumbani, ya ukumbini na ya jikoni. Shangazi Lindalva akauliza kama tumepata mgeni.

Tangu siku hiyo nacheza Bata Pipo. Bata wangu ana bustani ya alizeti na kofia ya mkulima. Naona aibu kuandika haya. Kofia ni nzuri lakini.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mpango umeanza! Nimefika dukani mapema, nikapanga rafu upya. Bata Pipo chini kabisa, karibu na miguu. Bucha la Giza juu, usawa wa macho ya bibi, katikati ya maputo ya Sikukuu ya Watoto. Tatizo ni ile alama nyeusi ya 18 kwenye kila kasha, inayosema ni gemu ya watu wazima. Kibandiko cha bei kinatosha kabisa kuifunika. Sikukusudia. Yaani nilikusudia, lakini bei lazima ikae mahali fulani.

Mchinjaji mwenyewe yupo kwenye picha, aproni ina damu. Nikafunga utepe wa zawadi pale penye damu.

Bwana Orivaldo, meneja, akapita, akatazama rafu, akasema angependa wote wawe na bidii kama yangu.

Josicleide wa kaunta ya simu alikuwa akitazama tangu mwanzo. Akaniita kwa kifupi cha jina langu mbele ya wateja: "Deni! Siku hizi unauza nyama? Nipimie kilo ya mgongo, na usiniwekee mifupa!" Wateja wakacheka. Masikio yangu hupata moto upesi. Nikamwambia kwamba hii ni sanaa ya watu waliokomaa. Akasema anaona, hata utepe wake ni wa waridi.

Tumeuza nakala mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Jana moja. Leo hakuna. Nimefanya hesabu, haiwezekani.

Nimetoka kazini nikapita Basilika. Mji mzima umejaa mahujaji wa Círio, maandamano yetu makubwa ya Bikira Maria, na mwaka huu yameangukia Sikukuu ya Watoto yenyewe. Nilidhani hiyo ni ishara. Nikapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira, Mama wa Nazaré. Nikaweka nadhiri: nakala ishirini zikiuzika, Jumapili nitatembea na maandamano peku, na kitu changu kichwani, kama wenzangu.

Nilipofika nje ndipo nilipoelewa nimeahidi nini.

Hapa kwetu mtu hubeba kichwani mfano wa jambo aliloliomba. Aliyeomba nyumba hubeba kinyumba cha mbao. Aliyefaulu mtihani hubeba vitabu. Shangazi Lindalva kila mwaka hubeba mguu wa nta kwa sababu ya goti lake, na goti linamtii. Na mimi? Mimi nitabeba nini mbele ya Mama wa Nazaré, maaskofu na watu milioni mbili?

Nikarudi ndani kuomba nibadilishiwe iwe mishumaa. Mlinzi akasema wanafunga.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jumla zimefika kumi na moja! Mahujaji wameshuka kutoka mtoni na mishahara ya mwezi, kila mmoja ana mjukuu. Wanauliza kipi kizuri. Nawaonyesha kilicho usawa wa macho. Mmoja akauliza kwa nini yule bwana ameshika panga. Nikasema ni mpishi. Mwingine akauliza kama ndani mna mafunzo. Nikasema yamo, hasa kuhusu viungo vya mwili.

Kila ninapouza moja nafurahi, kisha nahesabu zilizobaki hadi ishirini, nyayo zinaniwasha.

Jioni akaja Bi Odineia, jirani yetu. Huyu ndiye aliyekuwa akininywesha uji mama yangu alipokuwa kazini. Alitaka zawadi ya Caíque, mjukuu wake, mwenye miaka saba. Akainua kasha, akalisogeza mbali na macho, akakwangua kibandiko kwa kucha. Akauliza hii kumi na nane ni ya nini. Nikasikia mdomo wangu ukisema ni idadi ya hatua, ziko kumi na nane, mtoto hachoki upesi.

Akanitazama. "Mwanangu, wewe umesoma, mimi sijui haya mambo. Nikuamini?"

Nikasema niamini, Bi.

Akanibariki kwenye paji la uso, akaenda kulipa. Nilikaa stoo mpaka masikio yakapoa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kumi na tisa. Duka linafungwa. Wateja wamekwisha. Nilisimama pale nikiwa sijui niombe nini. Ya ishirini ikiuzika, Lumi inaokoka na mimi naaibika kesho mbele ya mji. Isipouzika, nimedanganya vizee bure.

Wazo la kununua moja zaidi mwenyewe lilinijia. Nikalikataa. Sitaki kumdanganya Mama wa Nazaré. Wengine sawa, lakini yeye hapana.

Josicleide akaja akiwa ameshavaa mkoba. Akasema sura yangu ni kama ya mtu anayesubiri majibu ya maabara. Akauliza nina nini. Nikasema imebaki moja. Hakuuliza moja ya nini. Akachukua kasha, akalipa, akasema: "Nitaenda kuicheza kwa kaka yangu. Na ole wako iwe mbaya, we muuza utumbo."

Ishirini!

Nikampigia Bwana Tarcísio pale pale. Akasema Deni gani. Nikamkumbusha. Akasema kweli? Belém? Halafu akasema vizuri sana, atatazama hesabu za mwisho wiki ijayo.

Nimenawa miguu. Nimetafuta kamba ya kufungia kasha langu la Bucha kichwani. Shangazi amefurahi mno kusikia nitatembea peku. Ameuliza nimeomba nini. Nimesema ni jambo la kazini. Amelia.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Nilifunga kasha likitazama chini, ili picha ya mchinjaji isionekane. Nilikuwa nimesahau mgongo wa kasha. Kule kuna picha ya friji lililofunguliwa. Sitaeleza kilichomo. Nikaligeuza tena.

Lami ilikuwa moto. Kushoto kwangu mzee mwenye mtumbwi kichwani, kulia mama mwenye tofali, mbele yangu kijana aliyebeba kitabu kikubwa cha sheria. Na mimi na mchinjaji wangu. Watu walinitazama, wakatazama juu, wakanitazama tena. Bwana mmoja akapiga ishara ya msalaba, na nadhani haikuwa kwa ajili ya Mama wa Nazaré.

Kisha televisheni! Dada mmoja mwenye kipaza sauti akanirukia. Eti wewe kijana, umepata neema gani? Kamera ikapanda taratibu hadi kichwani. Nikasema nashukuru. Akasema unashukuru kwa nini? Nikasema kwa... bucha.

"Amefungua bucha!" akapiga kelele. Watu wakanipigia makofi. Mama wa tofali akanikumbatia. Mzee wa mtumbwi akauliza mbavu nauzaje.

Nikataka ardhi inimeze. Ndipo nikasikia naitwa "mwanangu", na nikajua ni nani kabla sijageuka.

Bi Odineia. Peku, na kichwani amebeba kichwa cha nta, kidogo, cha mtoto.

Akanisimulia huku tunatembea. Caíque alifungua zawadi yake juzi, hakuweza kungoja. Tangu hapo halali. Hataki kwenda chooni peke yake. Hali nyama. Bi Odineia amekoroga maniçoba, mchuzi wa majani ya muhogo, jikoni wiki nzima kwa ajili ya mlo wa Círio, yenye ulimi, masikio na mikia ya nguruwe, na mtoto alipofunua sufuria alikimbia hadi barabarani. "Kosa ni langu, Deni. Nilisikia muziki sebuleni nikadhani ni sherehe. Mimi mzee mjinga nilimwacha peke yake."

Nikafungua mdomo niseme. Kweli nilifungua.

Hapo akainua macho. Akaliona kasha. Alilitazama muda mrefu, tukitembea, akilitambua. Nikangoja kofi. Ningelipokea kwa furaha.

Machozi yakamtoka. Akasema: "Kumbe umeshasikia! Umekuja kumwombea mtoto wangu, na kitu chenyewe umekibeba kichwani. Mungu akuweke, mwanangu."

Akashika mkono wangu akaubusu. Mkono huu huu ulioweka vibandiko.

Tukatembea pamoja hadi Basilika, ameniegemea, akiwaambia watu kwamba mimi ni jirani yake.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siendi kazini leo, duka limefungwa baada ya Círio, na hata ningetakiwa nisingeweza. Nyayo zimekuwa malengelenge matupu.

Mtaa mzima umeniona kwenye televisheni. Wananipongeza kwa bucha. Shangazi Lindalva amenuna: nimefungua biashara, halafu yeye aliyenilea asiletewe hata kipande cha ini? Nikamwambia si bucha la kweli. Akauliza basi ni la nani. Nikasema la kampuni moja ya nje. Akasema ndiyo maana nimekuwa msiri, nimeshaingia na wageni.

Mchana nimeamua. Nitakwenda kwa Bi Odineia niseme yote, kibandiko, hatua kumi na nane, yote. Nilifanya mazoezi ya maneno mbele ya kioo. Nikajikongoja hadi mlangoni kwake. Akafungua akiwa na sahani tayari. Maniçoba, wali, unga wa muhogo juu. Ameniwekea tangu jana, amesema, kwa sababu mtu wa nadhiri lazima ale.

Caíque alikuwa chini ya meza na mto wake. Aliniuliza kama ni kweli nina bucha. Nikasema sina. Akauliza naapa? Nikaapa. Akatoka chini ya meza, akakaa karibu nami, akanishika shati.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa umejaa.

Nilikula sahani mbili.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku ya kubadilisha zawadi. Nilikuwa nimeisahau! Mimi, karani, niliyeandika tangazo lenyewe kwa mkono wangu: mtoto asipoipenda, ilete tubadilishe.

Foleni ilifika hadi kwenye mashine za kufulia. Bibi baada ya bibi. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo baya. Mmoja akasema pole mwanangu, huenda umenipa kimakosa, kasha la mpishi nimelikuta na mwendawazimu ndani. Mwingine akasema mjukuu anauliza kama babu yake naye ana vile vitu ndani. Wote wakataka kile kilicho chini, karibu na miguu. Wote Bata Pipo! Wengine, kwa kuwa bata ni rahisi, wakachukua wawili.

Bwana Orivaldo akaniita ofisini. Mezani kasha moja, kibandiko kimebanduliwa nusu. Akauliza nani alifunika alama. Nikasema unyevu wa Belém, bosi, gundi husogea. Akanitazama kama daktari anavyotazama picha mbaya ya mapafu. Akasema hatanifukuza kwa sababu mkewe aliniona kwenye Círio na anaamini mimi ni mcha Mungu. Lakini kuanzia kesho niko stoo. Kaunta ataishika Josicleide.

Josicleide mwenyewe hakurudisha yake. Ameimaliza Jumapili, kwa kikao kimoja, huku akila bata wa mlo wa Círio kwa kaka yake. Akasema ni mbovu. Hadithi haina kichwa, milango yote ni ileile. "Na ile ndoano ya mwanzo, uliiona? Haimgusi mtu. Inazunguka tu."

Nikasema naijua, ndiyo, inazunguka tu.

Jioni Bwana Tarcísio alipiga simu mwenyewe! Alikuwa mchangamfu. Hesabu za mwisho, ukitoa zilizorudi: Bucha la Giza nakala mbili. Bata Pipo: wiki bora kuliko zote kaskazini. Akasema nimewasaidia sana kuamua. Walikuwa na mashaka kidogo kama watu wa huku wanataka gemu za wakubwa kwenye Lumi, sasa wamejua. Sehemu ya pili ya Bucha haiji. Inakuja sehemu ya pili ya Bata.

Akasema pia kuna katoni moja ya gemu za wakubwa ilishaondoka kwa meli kabla ya uamuzi, itafika wiki hii. Ya mwisho. Ikiuzika, iuzike. Isipouzika, basi.

Nikasema asante. Tena!

Jumatano, 15 Oktoba

Siku ya kwanza stoo. Giza, joto, harufu ya katoni. Nimepata muda wa kujitafakari. Nimekuwa mtu mbaya. Nimewatisha watoto, nimewadanganya wazee, na gemu niliyotaka kuiokoa nimeizika kwa mikono yangu. Yule jamaa wa Manaus alikuwa sahihi, na mbaya zaidi, alikuwa sahihi kwa mistari miwili.

Nimeapa: sitagusa tena rafu wala kibandiko. Bata waishi. Mimi nitapanga katoni kwa unyoofu.

Nimelala vizuri. Taa moja tu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ile katoni ya gemu za wakubwa imefika. Nilikusudia kuiweka pembeni nisiitazame. Lakini karani lazima ahakiki mzigo.

Nimefikiri sana. Kosa la mpango wa kwanza sasa naliona wazi kabisa. Lilikuwa bata! Watu walirudisha Bucha kwa sababu kulikuwa na bata wa kubadilisha. Bata wasingekuwepo, Bucha ingebaki majumbani, na hesabu ingesimama. Watu hawakukataa gemu za wakubwa. Walipewa njia ya kutorokea.

Na nani sasa anaamua kinachotoka stoo kwenda kwenye rafu?

Katoni za Bata Pipo ni nzito kuliko zinavyoonekana. Nimezihamishia nyuma ya majokofu, na turubai juu. Hakuna aliyeniona.

Alasiri Josicleide akanipigia kelele kutoka kaunta: "We mchinjaji, bata wako wapi? Kuna mteja!" Nikatoka nikipangusa mikono. Alikuwa Bi Odineia, na kasha la Bucha kwenye mfuko wa nailoni, limefungwa mafundo matatu. Uso umechangamka. Caíque amelala usiku mzima, amesema, maombi yangu yamefika. Jana amekula hata kipande cha kuku. Sasa anataka tu abadilishiwe, apewe yule bata anayezungumzwa na bibi wote.

Masikio yakaanza kupata moto. Nikasema bata wamekwisha, Bi.

Akasikitika. Akauliza hakuna kingine, kitulivu tu, kisicho na bucha?

Nilimtazama yule mama. Niliona aibu, naapa niliona aibu, tangu nyayo hadi utosini. Halafu nikaingia stoo, nikachana ile katoni ya wakubwa, nikamletea gemu ya juu kabisa. Nikamhakikishia kwamba humu hakuna bucha, hakuna nyama, hakuna hata jikoni. Mtoto ataanza kupiga mswaki bila kulazimishwa.

Ni daktari wa meno tu.